Walipopotea Watu wa Kikohozi

Kosa langu la kwanza katika Kiswahili nililifanya kabla sijajua kusoma, na nililifanya kwa sauti, mbele ya bibi yangu na majirani waliokuwa wamejaa uani. Nilitafsiri neno moja vibaya. Tangu hapo nimekosea maneno mengi, na kila kosa nimelifuta na kuliandika upya hadi karatasi ikatoboka, maana mimi niliyejifundisha kuandika mwenyewe sina mwalimu wa kuniambia inatosha. Lakini kosa lile la kwanza sikulirekebisha, na leo mtu akitaka kunirekebishia nitamkatalia.

Limenirudia kwa sababu ya mvua. Nafanya kazi kwenye kinu cha pamba hapa Shinyanga, na juzi mvua ilitukuta kabla hatujafunika magunia yaliyokuwa nje. Kesho yake jua lilipoyapiga, harufu ikatoka. Pamba yenye mbegu ikilowa hainuki kama nguo mbichi. Inanuka kama togwa lililochacha ndani ya chungu kilichowahi kutiwa mafuta. Wenzangu waliziba pua wakataniana. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala, nikachuchumaa, nikashindwa kusimama kwa muda, na mnyapara akadhani nimepata homa. Nikamwacha adhani hivyo.

Nilikulia Chato, upande wa ziwa, kwenye ua mmoja na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa Mzinza wa hapo hapo. Mama alikuwa Msukuma wa Ibadakuli. Walikutana Geita, Baba akishusha mapipa ya mgodini na Mama akiwauzia wachimbaji uji, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, walichumbiana kwa Kiswahili. Hilo nililijua kama unavyojua jambo lolote la wazazi, bila kulifikiria.

Kazi ya Baba ilikuwa kuchochea moto kwenye meli ya mizigo. Meli hiyo ilikuwa na jina lake la heshima, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, lakini sisi watoto hatukujua kusoma na wakubwa waliojua hawakulitumia. Mwaloni, yaani pale ufukweni vyombo vinaposhusha na kupakia, kila mtu aliiita Kikohozi, kwa sababu injini yake ilikohoa hata kabla moshi wake haujaonekana. Ilileta mafuta na saruji za mgodi wa Geita, ikaondoka na pamba kwenda Mwanza. Baba alipokuja nyumbani alinuka moshi wa kuni hadi kwenye nyusi. Mama alimsugua mgongo kwa dodoki na maji yakawa meusi, naye akicheka anamwambia amwachie ngozi kidogo ya kurudia kazini.

Alipokuwa akifika mwaloni wenzake walimpigia kelele. "Umepotea sana, bwana!" Naye alijibu, "Nimepotea wapi, nipo tu, nyinyi ndio hamwonekani." Hapo ndipo nilipojifunza neno kupotea. Kwangu mimi mtu aliyepotea alikuwa mtu aliye njiani, ana kipande cha sukari guru mfukoni, na akifika utamtania kwa kukaa mno.

Kiswahili chote nilichokuwa nacho alinipa yeye. Alasiri moja moja, akiwa amepumzika kivulini, alinitajia vitu vya melini nami nikavirudia: nanga, usukani, tanuri, kamba. Nikitamka r kama l alinirudisha mwanzo. Nilipenda kurudishwa mwanzo. Nadhani ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, huu wa kutaka kila kitu kitoke sawa.

Mama r ilimshinda. Jina langu ni Petro. Yeye aliniita Petolo. Mawifi zake walikuwa wakija asubuhi wanasimama mlangoni na kumwita kwa sauti ya kuigiza, kwa salamu pekee ya Kiswahili waliyoijua, "Mama Petolo, habali ya asubuhi?" kisha wanashikana mabega kwa kicheko. Basi akaacha. Mbele ya watu wa nyumba ile alisema Kizinza tu, alichojifunza kwa taabu, na Kiswahili akakiweka mahali nisipokiona. Nami nikaamini hakijui. Nilikuwa mtoto wa kuamini kwamba asiyeweza kulitamka neno hawezi kulijua.

Siku ile Kikohozi iliondoka bandari ya Nyamirembe asubuhi, imejaa magunia ya pamba mpaka juu ya sitaha. Tuliiona ikipita mbali, tukapunga mikono kwa moshi wake. Mchana ziwa likageuka rangi, likawa kama maji yaliyooshewa sufuria, na upepo ukaja umebeba mchanga. Migomba ililala chini safu nzima. Mama alipanda juu ya paa mwenyewe na kuyakandamiza manyasi kwa mawe, nguo yake ikimpiga usoni, na Bibi akiwa chini akimpigia kelele ateremke asije akaua watu wawili, kwani alikuwa amebeba mimba ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa ndani na mbuzi. Nilitetemeka kwa baridi, nikamwonea wivu Baba, kwa kuwa yeye alikuwa karibu na moto.

Ilipotulia, tulikuta mwalo umekuwa mweupe. Magunia yalikuwa yamepasukia kwenye mawe, na pamba imetanda mchangani, imenata kwenye matete, inaelea majini kama mapovu ya sabuni. Wanawake waliingia hadi kiunoni wakaiokota na kuianika. Kwa siku nyingi nyumba zote za upande ule zilinuka harufu ile niliyoinusa juzi. Wanaume walisimama tu, mikono nyuma. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilimwambia rafiki yangu kwamba Baba na wenzake wametupa mzigo ili meli iwe nyepesi iende mbali zaidi. Niliona wamefanya jambo la akili. Nilijivuna.

Kisha akaja tarishi wa boma, amevaa kaki, anasukuma baiskeli kwa sababu njia ilikuwa tope. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, Mama amesimama nyuma yake, na majirani walimfuata tarishi tangu barabarani kwa kuwa walijua hakuja bure. Alisema Kiswahili, kwani hakuwa mtu wa kwetu. Bibi akauliza nani atamwelewesha. Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, ambaye ndiye angeweza, alikuwa amekwenda mnadani na ng'ombe. Watu wakanitazama mimi. "Huyu mtoto anakijua," wakasema. "Baba yake amemfundisha."

Nilisogea mbele. Sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Tarishi alisema, "Nimetumwa niwaarifu kwamba meli imepotea, pamoja na watu wake wote. Serikali inawapa pole."

Nikamgeukia Bibi. Mikono yake ilikuwa imeshafika kichwani, na kinywa chake kimeshafunguka kwa kilio. Nikamwambia kwa Kizinza, polepole na kwa ufasaha wote niliokuwa nao, kwamba chombo kimekaa siku nyingi bila kuonekana, na watu wake pia hawajaonekana, na kwamba serikali inatupa pole kwa kungoja.

Mikono ya Bibi ikashuka. "Basi wako njiani," akasema. Majirani wakaguna, wengine wakatazamana, lakini hakuna aliyethubutu kulia mbele ya mama ambaye halii.

"Wameelewa?" tarishi akaniuliza.

"Wameelewa."

Alimtazama Mama. Mama naye alimtazama. Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akampa. Tarishi aliyanywa amesimama, anageuza macho huku na huku kama mtu anayengoja kitu ambacho hakiji. Alipokuwa akiondoka nilimsikia akimnong'oneza mtu njiani, "Watu wa hapa wana moyo mgumu." Nilidhani anatusifu.

Baba Mdogo alirudi kutoka mnadani huku akilia tangu bondeni. Habari alikuwa ameipata Nyamirembe. Alitegemea kukuta uani kuna moto wa msiba na watu wamelala chini. Akamkuta Mama ameinama shambani.

"Shemeji, unalima?"

"Nalima."

"Kaka amekufa na wewe unalima?"

"Nani amemwona?"

"Pamba si hiyo ufukweni?"

"Pamba naiona," Mama akasema. "Nimekuuliza nani amemwona yeye."

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo wakati ule nililijua nusu nusu. Kwetu, mtu akifa na mwili wake usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba na kulizika badala yake. Mtoto wake wa kwanza hutupa udongo wa kwanza. Baada ya hapo msiba unaanuliwa, mjane ananyolewa, na mdogo wa marehemu anamrithi mjane huyo, pamoja na nyumba na migomba. Mjane asiyetaka kurithiwa anaruhusiwa kurudi kwao, lakini watoto hawarudi naye, kwa kuwa ni wa ukoo. Migomba ile Mama aliipanda kwa mikono yake kwenye ardhi aliyopewa Baba, pori tupu. Na mtoto nilikuwa mimi, na mwingine tumboni. Yote hayo yalining'inia kwenye shina moja, na kilichozuia lisikatwe ilikuwa tafsiri yangu, ambayo Bibi aliishika kuliko neno la Baba Mdogo.

Sikujua. Niliendelea kumngoja Baba kwa raha.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Athumani, muuza chumvi wa mwaloni, mtu wa Tabora, mswalihina, aliyekuwa akinywa chai na Baba kila meli ilipofika. Alikuja amevaa kanzu safi, akabisha hodi, akasema, "Mama Petro, poleni kwa msiba."

Mama aliniambia kwa Kizinza nimuulize ni msiba gani. Nikamuuliza.

 Mzee Athumani alimtazama Mama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. "Basi," akasema, "poleni kwa kungoja." Akaacha mfuko wa chumvi mlangoni akatoka. Nilimsindikiza, kama inavyopasa.

"Kijana," aliniuliza tulipofika kwenye njia, "mama yako hajui?"

"Hajui nini?"

"Kwamba meli imepotea."

"Anajua. Nimewatafsiria mwenyewe. Imepotea, itarudi."

Akasimama. "Nani amekwambia itarudi?"

"Baba naye alipotea mara nyingi. Hata wewe ulimwambia."

Alishika paji la uso wake kama mtu aliyeumwa kichwa ghafla. Kisha akachuchumaa mbele yangu, kanzu yake safi ikiburuzika topeni, akaniambia bila ukali, "Sikiliza. Mtu akija mzima nikamwambia umepotea, namtania. Lakini chombo kikipotea na watu wake, na mzigo wake uko mchangani, hapo hakuna utani. Umenielewa?"

Nilisema ndiyo. Najua wasomaji wangu mtatarajia niseme kwamba nilimlilia baba yangu pale pale njiani. Sikumlilia. Kilichonichoma kwanza ni kwamba nilikosea. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima wote, nimeaminiwa, nikakosea neno ambalo Baba mwenyewe alinifundisha. Nilitamani kukimbia hadi bomani nimrudishe tarishi aseme upya. Kifo cha Baba kilinifikia baadaye, kwa mlango wa nyuma, nilipogundua kwamba hakuna tena wa kunirekebisha.

Nilimkuta Mama anamenya ndizi. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, mwanzo hadi mwisho, kama ninavyoyapanga mpaka leo. Nikamwambia, kwa Kizinza, kwamba tarishi hakusema nilivyosema mimi, na kwamba lazima twende kwa Bibi nikasahihishe.

Hakuacha kumenya. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Nilimsikia, Petolo."

"Ulimsikia nani?"

"Talishi. Nilimsikia kabla yako."

Nilikaa chini kando ya ndizi. Akaniuliza, "Mimi na baba yako, unafikili tulikuwa tunasemezana kwa lugha gani? Alinitongoza kama bubu?"

"Mbona hukuniambia nimekosea?"

"Ili iwe nini? Bibi yako alikuwa ameshika kichwa. Angelia, wangekuja wote kulia, na kabla machozi hayajakauka wangenishika wanyoe nywele. Nikikataa kulithiwa, nalejea Ibadakuli mikono mitupu na wewe unabaki hapa unalala na watoto wa baba mdogo wako." Alitupa ganda, akachukua ndizi nyingine. "Ukasema vile, mikono ya bibi yako ikashuka. Nikaona mlango. Nikaingia."

"Lakini si kweli," nikasema. Nilikuwa karibu kulia, na nadhani ningelia kwa ajili ya neno tu.

"Kweli ni kwamba maji yamemchukua. Hiyo ni yangu na yako, tutailia mimi na wewe huko shambani, hakuna atakayetusikia. Wao nani aliwaambia lazima wapewe leo?" Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Ulikosea vizuli. Usilekebishe."

Tulilia shambani kweli, na mara nyingi, huku jembe likiendelea.

Baba Mdogo hakuchoka. Simlaumu, na naandika hivi nikiwa na hakika. Alimpenda kaka yake. Alikonda. Watu walimwuliza kwa nini hajamzika ndugu yake, kana kwamba yeye ndiye aliyemficha. Alivumilia msimu mzima wa palizi, kisha asubuhi moja akaja na wazee wa ukoo na vijana wenye majembe. Walichimba shimo kando ya nyumba, wakakata shina la mgomba, nene, lenye maji, wakalifunga kwa majani makavu kama mtu. Mawifi walifika na kaniki. Mama alikuwa ameketi kizingitini na mdogo wangu mchanga mgongoni.

Wakaniita nitupe udongo. Nikasema siwezi, Baba amepotea tu.

"Ndiyo hayo," Baba Mdogo akawaambia wazee. "Mtoto huyu ndiye aliyetafsiri. Tumefungwa miguu na mtoto wa meno ya utoto." Akamgeukia Mzee Athumani, aliyekuwa ameitwa makusudi. "Mzee wangu, Kiswahili ni chako. Huyu atasema tena alichosema tarishi, na wewe utatuambia kama alitafsiri sawasawa."

Nilirudia maneno ya tarishi kwa Kiswahili, yote, bila kuacha hata pole ya serikali. Kisha nikayasema kwa Kizinza. Njia ya kuyasema vizuri niliijua. Nilikuwa nimeirudia kimoyomoyo kila siku tangu siku ya Mzee Athumani. Ilikuwa imekaa kwenye ulimi, tayari, safi. Nikasema kama nilivyosema mara ya kwanza. Chombo hakijaonekana. Watu wake hawajaonekana. Poleni kwa kungoja. Nilikosea kwa makusudi, mbele ya mtu aliyejua kwamba najua, nikiwa na hofu ya kutamka vibaya kosa langu mwenyewe.

"Ni sawa?" Baba Mdogo akauliza.

Mzee Athumani alikohoa. Alitumia Kizinza chake kibovu cha sokoni. "Mimi siku ya tarishi sikuwepo. Lakini neno lenyewe nalijua. Mke wangu yuko Tabora. Kila nikifika ananiambia nimepotea. Nisipofika, anawaambia majirani nimepotea. Na mimi niko hapa nauza chumvi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, kwenye kingo za kaburi. Hata vijana wa majembe walicheka.

Baba Mdogo hakucheka. Alikaa chini kwenye udongo uliochimbwa. "Mnacheka," akasema. "Mimi namlilia ndugu yangu kichakani kama mwizi. Siku ngapi nimlilie kichakani?"

Kicheko kikakatika. Mama aliinuka kizingitini, akaja hadi alipoketi shemeji yake, akamwambia kwa Kizinza, kwa upole ambao sikuutegemea, "Mlilie, baba. Nani amekukataza? Mlilie hapa hapa uani kwake, mbele ya watu, hata leo mchana kutwa. Nitakuletea maji ya kunawa uso. Lakini mgomba huu siujui. Sijawahi kuupikia."

"Shemeji, huo ni mwili wa mumeo."

Hapo Mama akanyoosha mgongo. Akawageukia mawifi, akawageukia wazee, na kwa mara ya kwanza nyumbani pale akasema Kiswahili kwa sauti ya kusikika hadi njiani:

"Mume wangu amepotea. Silithiwi."

Nikawatazama mawifi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chao; ngumi nilikuwa nimeshaikunja. Hakuna aliyecheka. Wazee waliokuwa hawajui Kiswahili waliniangalia nitafsiri, nami nikafungua kinywa, nikaona hakuna haja. Walikuwa wameshaelewa.

Kisha Bibi akainuka kutoka kwenye ngozi yake. Alitembea kwa shida hadi kwenye shina, akalitazama lilivyofungwa, akaligusa kwa ncha ya mkongojo.

"Ng'ombe wamekula?" akauliza.

Vijana walitazamana. Mmoja akasema bado.

"Basi wakatieni hili."

"Mama," Baba Mdogo akasema.

"Nimemzaa mimi," Bibi akajibu. "Nikitaka azikwe nitasema."

Wakalifungua majani, wakalikatakata kwa panga, vipande vyeupe vinavyotiririka maji, wakavipeleka zizini. Nilisimama kwenye uzio nikawaangalia ng'ombe wakitafuna mwili wa baba yangu, na nisiwadanganye, nilifurahi. Shimo lilibaki wazi. Kuku walikuwa wakiogea vumbi humo mpaka mvua ilipolifukia. Baba Mdogo alikaa siku ile nzima uani akimlilia kaka yake kwa sauti, na Mama alimletea maji ya kunawa kama alivyoahidi, na jioni ugali.

Kama Bibi aliamini tafsiri yangu au naye aliona mlango akaingia, sijui. Alikufa bila kuniambia, na mimi niliogopa kumuuliza nisije nikaharibu. Nimejaribu kuandika jibu lake mara kadhaa kwa niaba yake, na kila mara nimelifuta, kwa kuwa si langu.

Najua kuna watakaosema tulimnyima marehemu heshima yake, na tuliwachezea wazee. Waseme. Mtu aliyeungua mikono kwa kuchochea moto wa meli ya wengine, akafa ndani yake bila hata wenye meli kutuma salamu, heshima yake haikuwa ndani ya shina la mgomba. Ilikuwa kwenye migomba iliyosimama, na mwanamke aliyeilima, na watoto wawili waliokula ndizi zake wakalala chini ya paa lake. Hiyo tuliilinda kwa neno moja lililotafsiriwa vibaya. Ningekuwa na Kiswahili kizuri zaidi siku ile, ningekulia kwenye nyumba nyingine.

Mdogo wangu alipopata nguvu za kushika jembe na mimi nikapata kazi hapa kinuni, wazee walikubali mbele ya watu kwamba shamba ni letu. Mwezi huo huo Mama alijinyoa nywele mwenyewe, akavaa kaniki, akawaita mawifi na Baba Mdogo, akaketi chini akalia kwa sauti mpaka ikakauka. Hakuna aliyetaka kumrithi. Alikuwa ameshazeeka, na alijua hilo.

Siku hizi mtu akimuuliza mumewe yuko wapi, Mama anajibu kwamba alikufa ziwani. Baba Mdogo akipita hapo hubisha hodi, na anangoja nje mpaka Mama aseme karibu.